Mtoto Si Maharage

Vijana wangu wa lishe, mliniomba niandike kidogo kabla sijasahau, mkanipa na tarehe ya mwisho, kana kwamba kusahau kuna ratiba. Basi nimekaa kibarazani hapa Lushoto, ukungu umefunika mpaka mlango wa jirani, chai iko pembeni, naandika. Nilipanda cheo lini na mshahara ulikuwaje sitasema. Cheo hakikuwahi kunisukuma mlimani, na mshahara mnaujua wenyewe. Nitasema ya kazi.

Mimi ni mtu wa Muheza, wa machungwa na joto. Nilipopangiwa unesi huku juu, mama yangu alinifungia kapu la machungwa na doti mpya ya kanga, na katika nyumba nzima hakutokea hata mtu mmoja wa kutaja neno sweta. Nilishuka stendi ya Lushoto mwezi wa saba nimevaa ndala na blauzi ya mikono mifupi. Mama mmoja aliyekuwa akiuza mapeasi alinitazama miguu, akanitazama uso, akaacha kazi yake akanishika mkono.

"Pole na msiba, mwanangu," aliniambia.

Aliona hakuna mtu mwenye akili timamu anayetoka nyumbani hivyo kwenye baridi ile, isipokuwa ameitwa ghafla kwenye maziko. Nilimshukuru, nikapokea na pole yake. Nilikuwa natetemeka kiasi kwamba sikuweza kumweleza vinginevyo.

Aliyenipokea zahanati ni tabibu wa makamo, Bwana Shekiondo, mtu mfupi mwenye koti la kijivu ambalo sikuwahi kuliona likifuliwa wala likichafuka. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi, na alianza na salamu. Huku milimani salamu haifanyiwi haraka. Mtu utampa "onga makeo" yake ya asubuhi, au shikamoo kama amekuzidi umri, kisha mtaulizana habari za nyumbani, za watoto, za ng'ombe, za mvua, na mkifika mwisho mmoja wenu atakumbuka kuwa hamjaulizana habari za shambani. Mimi niliyetoka bondeni nilikuwa nasalimia huku natembea. Bwana Shekiondo aliniita pembeni.

"Nesi, salamu ya Msambaa ni ndefu, na wakati wote huo umeshika mkono wa mtu. Sasa wewe huo mkono unaushikia nini?"

Alikuwa akipima watu kwa salamu, na wenyewe hawajui. Mkono ukiwa katika mkono wake, aliugeuza kidogo akaona kiganja: kama kimekuwa cheupe kupita kawaida, damu imepungua. Akatazama kucha, kama zimebonyea katikati kama kijiko. Akatazama pembe za midomo, kama zimechanika, maana huenda mtu huyo hajaona maziwa wala mayai siku nyingi. Mzee akimeza mate kabla ya kusema "marahaba", Bwana Shekiondo alikuwa ameshatazama shingoni, kwa sababu rovu, ule uvimbe wa shingo, hata likiwa dogo, hupanda na kushuka mtu anapomeza. Mpaka wamalize habari za ng'ombe, alikuwa anajua nani aende maabara na nani apewe ushauri akapumzike.

Wajawazito aliwapenda kwa utani. Alimwuliza mmoja, kwa upole kabisa, kama anakula udongo.

"Mimi? Udongo? Hata siku moja, dokta."

"Sawa. Basi jifute mdomo, mama, ukuta wa jirani umekuchafua."

Yule mama alicheka mpaka akakaa chini, kisha akakubali kupimwa damu. Lakini Bwana Shekiondo huyohuyo alikuwa mkali tukijifanya wajuzi. Kiganja cheupe, alisema, hakikuambii kama kilichopungua ni madini ya chuma, au ni malaria, au ni minyoo imefanya makao tumboni. Dalili ukishaiona mpeleke mtu akapimwe, uganga wa kutazama tu waachie waganga. Maneno hayo ninyi mnaotafuta kila kitu kwenye simu yaandikeni mahali.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache na vyote vilikuwa na visa. Ulikuwepo utepe wa kupimia mkono wa mtoto, wenye kijani, njano na nyekundu, ambao akina mama waliuelewa kuliko hotuba zangu zote. Ilikuwepo mizani ya kuning'iniza, tuliyoifunga kwenye boriti, mtoto akavalishwa kisuruali na kuning'inia hewani akilia. Mizani ile ilifanana mno na ya buchani, na kila kijiji nilichofika lazima atokee mama wa kuniuliza kama leo kilo moja nauza bei gani. Na karibu kila mtoto niliyemning'iniza alihakikisha amenilowesha kabla hajashuka, nikawa naandika uzito huku nikijifariji kwamba angalau figo zake ni nzima.

Kulikuwa pia na matone ya kupimia chumvi. Unadondoshea chumvi tone moja, na kama ina madini joto inageuka zambarau. Chumvi ilikuwa vita yangu ya kwanza huku, maana rovu lilikuwepo, na chumvi nzuri iliyotoka dukani ilikuwa inawekwa wazi kwenye kifuu juu ya mafiga, ikapigwa na moto na mvuke mpaka madini yanapungua. Nilipita nyumba kwa nyumba nikiomba ifunikwe. Bibi mmoja wa Mlalo alinitazama nikidondosha tone, chumvi ikageuka rangi, nami nikaruka kwa furaha. Yeye akachukua kile kifuu chote akaenda kukimwaga nje.

"Umeitia wino," alisema. "Sasa nitapikia nini?"

Jina la Mama Dagaa nalo nililipata huku. Watu wa milima hii ni wakulima hodari wa mboga: karoti, kabichi, hoho, njegere, vitu ambavyo mtu wa mjini hununua akiwa na mgeni wa heshima. Lakini mboga hizo walizilima kwa ajili ya lori. Ya kula nyumbani ilikuwa bada, yaani ugali, kwa maharage, au kwa mnavu na mshunga uliojiotea, ambayo kwa kweli ni mboga bora sana, ila nazo vijana walianza kuziona za kimaskini, wakabaki na bada na mchuzi mwembamba. Nilipata mtoto ambaye jua likizama alikuwa anagonga mbuzi na milango, na nyumbani wanamcheka kuwa ni mzembe. Nilimtazama macho, nikageuka nikatazama nyuma ya nyumba yao. Kulikuwa na karoti mpaka kwenye kingo za njia. Mtoto alipewa matone ya vitamini A zahanati, na baba yake nikamwambia ampe karoti na mafuta kidogo.

"Karoti hizi?" aliniuliza. "Hizi ni za watu wa Dar."

Nilimwambia watu wa Dar hawatazikosa chache. Tangu hapo kila mkutano nilihubiri karoti ibaki nyumbani, yai libaki nyumbani, na dagaa aliwe na kichwa chake na miba yake yote. Dagaa niliwahubiri mno, mpaka watoto wakiniona mlimani wanapiga kelele: "Mama Dagaa huyooo!" Nimeitwa hivyo mpaka msikitini.

Sasa niwaeleze habari ya Zuhura, kwa sababu katika miaka yangu yote hiyo ndiyo iliyoninyima usingizi.

Ni kijiji cha juu, njia ya kwenda Rangwi, jina silitaji maana wenyewe wanasoma na namba yangu ya simu wanayo. Siku ya kliniki alikuja mama mmoja kijana, Halima, bila mtoto. Alitaka dawa ya nguvu. Nikamwuliza mwenye kutaka nguvu yuko wapi.

"Amebaki na bibi yake. Kuna baridi."

"Wenzake wote hawa wamekuja na baridi hiyohiyo."

"Bibi hataki, nesi. Na mimi ni mkwe."

Neno hilo la mwisho lilitosha. Mkwe habishani na mama mkwe wake. Nikabeba mkoba wangu nikapanda naye.

Nyumba ilikuwa imefungwa mlango saa tano ya mchana, na kidirisha kimezibwa kwa gunia. Ndani moto unawaka, moshi mpaka machozi yanatoka. Bibi Mwajabu, mama mkwe wake Halima, alikuwa amekaa kwenye kigoda na furushi mapajani. Lile furushi ndilo lilikuwa mtoto. Alikuwa na kofia ya sufu, sweta juu ya sweta, blanketi juu ya sweta, na kanga ya bibi imezungushwa juu ya vyote, kilichoonekana ni pua na macho mawili yenye hasira.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Funga mlango."

Tukaanza salamu, zote, mpaka za ng'ombe. Kisha bibi akamwambia mtoto amwamkie nesi. Kikatoka kimkono kimoja kutoka kwenye furushi na sauti ya kulazimishwa: "Kamoo." Nikakishika, nikacheka, nikasema marahaba, na kicheko kikaishia palepale. Kifundo cha mkono kilikuwa kinene, kama vile mtoto ana viungio viwili mahali pa kimoja.

Niliomba nimfungue. Bibi Mwajabu akanikatalia kwa heshima. Nikaomba tena. Tukamfungua tabaka kwa tabaka mbele ya moto, kama tunamenya kitunguu. Alikuwa anakaribia miaka miwili. Utosi ulikuwa bado haujafunga, meno machache, mbavuni ukipitisha kidole unahisi vinundu vimejipanga kama shanga, na miguu imepinda kwenda nje. Akili yake ilikuwa nzima na mdomo wake ulikuwa mkali, lakini kusimama hawezi. Ukimsimamisha analia na kukunja magoti.

"Anatembea lini huyu?" niliuliza.

"Akitaka," sauti ya kiume ilijibu kutoka mlangoni.

Alikuwa Mzee Singano, babu yake, ametoka kukata majani ya ng'ombe. Alisimama pale mlangoni kwa makusudi ili nimwone vizuri. Alikuwa na matege ya kupendeza kabisa. Kuku wake alipita katikati na vifaranga vyake vyote, na bado nafasi ilibaki.

"Hiyo miguu ni yangu, nesi," alisema kwa fahari. "Mtu akimwona tu barabarani anajua huyu mjukuu wa nani. Nami nilichelewa kutembea, na mlima gani hapa sijaupanda?"

Mnaona shida iliyokuwepo. Ugonjwa ulikuwa umekaa katika nyumba ile kama urithi, na wenyewe wanaupenda. Nami kwa hasira ya uchovu wa mlima nikauliza swali langu bila kulipamba: mtoto huyu anatolewa nje juani lini?

Bibi Mwajabu alinikazia macho.

"Jua la nini?"

"La mifupa, bibi. Mwili ukipata jua ngozini unatengeneza vitamini D, na bila hiyo mifupa haikomai."

"Kwa hiyo unataka nimwanike?"

"Kidogo tu kila siku, bibi, ukungu ukishaondoka."

"Mtoto si maharage," alisema, akaanza kumvalisha sweta la kwanza.

Mzee Singano alicheka mpaka akashikilia mlango. Mimi pia ningecheka, kama Halima hangeinuka na kutoka nje ghafla. Nilimfuata. Alikuwa amesimama nyuma ya zizi, amejifunika uso kwa kanga. Akaniambia alikuwa na mtoto wa kwanza, wa kiume. Kipupwe kimoja alikwenda naye shambani mgongoni, ukungu ukawakuta huko, mtoto akapata homa ya mapafu na hakupona. Bibi ndiye aliyemruhusu atoke siku ile. Alisema mtoto azoee baridi mapema, kama walivyozoea wao.

"Zuhura alipozaliwa," Halima alisema, "bibi aliapa upepo hautamgusa huyu."

Nilikaa juu ya jiwe. Njia nzima nilikuwa nimejiandaa kubishana na ubishi wa kizee, na sasa niliona ninaombwa kumnyang'anya bibi yule kitu pekee alichokishika baada ya msiba. Nilimwonea huruma sana. Lakini Zuhura naye nilimwonea huruma. Mifupa yake ikiendelea kukomaa vile ilivyopinda, angetambaa au kuchechemea katika nchi ambayo maji yako chini, shule iko juu, na shamba liko juu zaidi. Na siku akikua akataka kuzaa, nyonga iliyopinda ingeweza kumuua.

Nilirudi ndani nikafanya jambo moja tu: nikamwomba Bibi Mwajabu aje naye hospitali yeye mwenyewe, amfunge nguo zote anazotaka. Hilo alikubali. Alipanda gari amembeba kama yai, na dereva aliambiwa afunge vioo vyote, abiria wengine wakajuta kusafiri siku hiyo. Mtoto alipigwa picha ya mifupa, akatolewa damu, na daktari akathibitisha kuwa vitamini D imepungua na madini ya kalsiamu pia. Akaandika dawa ya matone. Akasema mtoto anywe maziwa, ale dagaa na miba yake waliosagwa, na apate jua. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza mimi, kwa sababu aliyekuwa akimtilia shaka ni mimi.

"Kama kuna maziwa na kuna dagaa, jua la kazi gani?"

"Maziwa na dagaa ni matofali, bibi. Fundi ndiye hajafika."

Tukiwa njiani akauliza kama fundi hawezi kuingia kupitia dirishani. Nikamwambia akiwa na gunia usoni hawezi.

Vita ya maziwa ilikuwa fupi. Ng'ombe alikuwepo, anakamwa vizuri, na maziwa yote yalikuwa yanashuka kwa watu wa chai mjini. Mzee Singano alilalamika kwamba ng'ombe ni wake na miguu inayotukanwa ni yake, kisha akawa anatoa kikombe kila asubuhi na kukipeleka mwenyewe, akisimama mpaka kimeisha. Jua ndilo lilikuwa na masharti. Nilimwambia Bibi Mwajabu achague mahali yeye, kwa kuwa upepo wa uwanja ule anaujua kuliko mimi. Alizunguka nyumba akinyoosha shavu huku na huku, akasimama kona ya ukuta wa zizi, inayotazama jua na kukingwa upepo. Wakati utakuwa saa nne, ukungu ukishapanda. Miguu na mikono vitakuwa wazi. Kofia haitoki. Nikasema kofia ibaki na Mungu aibariki.

Basi ikawa hivyo. Kila siku yenye jua, Bibi Mwajabu alitandika mkeka pale konani, akamketisha Zuhura miguu wazi na kofia ya sufu kichwani, naye akakaa upande unakotoka upepo na kutandaza kanga yake kama ukuta. Habari ikaenea. Majirani wakielekea shambani walipitia njia ya zizini ambayo hawakuwahi kuipita.

"Bibi Mwajabu, mavuno ya mwaka huu yamekauka?"

"Piteni huko! Mmekosa kazi!"

Na Mzee Singano, akiwa juu ya matuta ya viazi, kila akipumzika alipiga kelele kumwuliza mkewe kama amegeuza upande wa pili.

Nilifurahi mapema mno. Wiki chache baadaye baridi ilirudi kwa nguvu na Halima akanitumia ujumbe: Zuhura ana homa na anakohoa, bibi amefunga mlango. Vijana, nimepanda milima hii mara nyingi na sijawahi kuipanda na moyo wa namna ile. Kila nilipoinama kuvuta pumzi nilikuwa naona mtoto wa kiume nisiyewahi kumjua. Nilikuwa najiambia, kama hii ni homa ya mapafu, basi nimemuua mjukuu wa watu kwa ushauri mzuri.

Bibi Mwajabu alifungua mlango. Hakunijibu shikamoo yangu, na kama mnakaa huku mnajua hilo ni jambo kubwa kiasi gani.

"Nilikwambia," alisema tu.

Nilimfungua mtoto kifua nikatazama anavyopumua, nikahesabu kwa saa yangu, nikarudia. Hakuwa anapumua haraka, na mbavu hazibonyei. Nilihisi ni mafua, lakini kuhisi hakukunitosha, tukampeleka kwa daktari siku ileile. Yalikuwa mafua. Watoto wa kijiji kizima walikuwa nayo, pamoja na wale ambao hawakuanikwa. Tuliporudi bibi aliukunja mkeka akauingiza ndani.

Sikumhimiza. Nilipita siku kadhaa nikimletea dagaa, nikikaa kwenye moshi wake, tukiulizana habari za ng'ombe. Siku moja nikamwambia ukweli, kwamba siku ile nilipanda nikiwa nimeogopa. Aliacha kuchochea moto.

"Wewe nesi uliogopa?"

"Niliogopa sana, bibi. Nilimfikiria yule wa kwanza."

Alifuta macho kwa ncha ya kanga. Nami nilifuta yangu, na wote wawili tukasingizia moshi.

"Nilidhani ninyi huwa hamuogopi," alisema. "Nilidhani mnasema tu, kisha mnashuka."

Kesho yake Halima aliniambia mkeka umerudi konani.

Ilichukua miezi, siyo siku. Wanaotaka miujiza wasiingie kazi hii. Daktari alimwona kila alipopangiwa, na picha ya pili ya mifupa ilikuwa nzuri kuliko ya kwanza. Jino likaota, na la pili. Siku moja alisimama kwa kushikilia nguzo ya zizi, akamkaripia ng'ombe. Kisha akaanza kutembea kwa kufuata ukuta, mkono mmoja ukutani, kama fundi anayekagua kazi ya mwenzake. Miguu ilikuwa inaanza kunyooka polepole, na Mzee Singano ndiye pekee aliyekuwa na huzuni.

"Sasa watu watajuaje kuwa ni mjukuu wangu?" aliniuliza.

"Kwa ubishi," Bibi Mwajabu alimjibu kabla yangu.

Mara ya mwisho nilipopanda kwa ajili yake ilikuwa asubuhi ya jua, saa nne imepita kidogo. Nilikwenda moja kwa moja konani. Mkeka ulikuwepo, mtupu. Kofia ya sufu ilikuwa juu ya mkeka, haina kichwa. Nikazunguka nyumba, mlango uko wazi na ndani hakuna mtu, ndipo nikasikia sauti upande wa viazi.

Bibi Mwajabu alikuwa amesimama juu ya tuta la mwanzo, mikono kiunoni. Chini yake, kwenye kijia kinachokatiza matuta, Zuhura alikuwa anateremka peke yake kwa babu yake, kichwa wazi, upepo unacheza na nguo yake. Miguu bado ilikuwa imepinda kiasi, lakini ilikuwa kazini. Akafika penye jiwe, akayumba, akaanguka kifudifudi kwenye udongo.

Nilitupa mkoba. Nilikuwa nimeshapiga hatua ya kwanza kukimbia niliposhikwa kanga kwa nyuma nikarudishwa.

"Mwache," alisema Bibi Mwajabu. "Atainuka."

Zuhura aliinua uso wenye udongo akatutazama, akitafuta nani anakuja ili amlilie. Hakuna aliyekuja. Akafikiri kidogo. Akaweka viganja chini, akanyanyua makalio kwanza, kisha kichwa, akasimama, akaendelea kushuka. Bibi bado alikuwa ameikamata kanga yangu, na hakuiachia.